Miwani Niliyoisugua kwa Majivu

Neema, na ninyi wengine mliobaki pale bwawani, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie niliyojifunza kazini. Nadhani mlisema kwa adabu tu, kama mtu anavyomwambia mgeni "karibu tena" huku ameshika komeo la mlango. Lakini mimi huchukua maneno jinsi yalivyo, na sasa niko nyumbani Ngokolo, Shinyanga, sina wa kumpulizia filimbi isipokuwa kuku wa jirani. Kwa hiyo mtasoma.

Habari za vyeo sitazigusa, maana sina. Niliingia nikiwa mtunza vifaa wa bwawa la kuogelea, nikatoka nikiwa mtunza vifaa wa bwawa la kuogelea. Tofauti ni kwamba nilipoingia nilijiona najua kila kitu.

Kabla ya Geita nilikuwa karani wa ghala kule Isaka, kwenye mizigo inayoshushwa kutoka kwenye treni na kupakiwa kwenye malori. Kule nilijifunza kupanga vitu kwenye rafu na kugombana na madereva. Mume wangu alipopata kazi ya ufundi wa magari Geita nikamfuata, na haikupita muda nikasikia klabu moja ya wafanyakazi inatafuta mtu wa kutunza stoo ya bwawa. Kwenye usaili waliniuliza kama najua kuogelea. Nikajibu, "Kidogo." Kwetu mtu akiulizwa kama anajua Kiingereza, kushona au kupiga kinanda, jibu ni hilohilo, na hakuna aliyewahi kufungwa kwa kulitoa. Ukweli ni kwamba maji mengi kuliko yote niliyowahi kuingia yalikuwa ya beseni.

Siku ya kwanza nilifika na dera jipya, hijabu ya kijani, na filimbi shingoni. Filimbi hiyo hakuna aliyenipa. Niliinunua mwenyewe sokoni kwa sababu niliamini mtu wa bwawani lazima awe nayo. Nilimpulizia aliyekimbia, nikampulizia aliyecheka sana, nikampulizia na bwana mmoja aliyekuwa amejilalia tu kwenye kiti chake.

Mwalimu wa kuogelea, ambaye ndiye pia alikuwa mwokozi, aliitwa Masanja. Alikuwa fundi pampu wa zamani, Msukuma wa Maswa, na kuogelea alijifunzia kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Yeye filimbi yake ilikaa mfukoni. Jioni ile alinisogelea taratibu.

"Mayu, wabeja kwa kazi," akasema, yaani mama, asante kwa kazi. "Ila kesho hiyo filimbi iache nyumbani. Watu wameanza kutoka majini, wanadhani kuna mamba."

Halafu akaniambia nivue viatu niingie upande wa kina kifupi, kwa sababu mtu anayetunza vitu vya majini inafaa ayajue maji. Nikamwambia nina mafua. Mafua hayo yalidumu miaka mitatu.

Kwenye stoo nilikabidhiwa mbao za kujifunzia kupiga miguu, maboya, pete za mpira za kuzamia, na sanduku la bati lenye jozi arobaini za miwani ya kuogelea, mpya kabisa, kila jozi ndani ya kiboksi chake pamoja na karatasi iliyokunjwa. Karatasi zile niliziona nzuri, laini, zina michoro. Nikazitandika kwenye droo ya kuwekea kalamu. Shikeni hapo kuhusu karatasi, nitazirudia kwa aibu.

Kwa nini klabu ilihitaji miwani mingi hivyo, nyie mnajua, lakini huenda barua hii ikasomwa na mwingine. Migodini kuna mabwawa ya maji, na juu ya maji kuna majukwaa yanayoelea yaliyobeba pampu. Mtu anayefanya kazi kwenye jukwaa la namna hiyo lazima athibitishe kwamba akiteleza hatazama kama jiwe. Basi makampuni madogo madogo yanayohudumia migodi yaliwaleta watu wao kwetu wajifunze kisha wapimwe. Kipimo chenyewe kilikuwa kwenda na kurudi urefu wa bwawa bila kushika ukingo, halafu kuzama upande wa kina kirefu na kutoa pete ya mpira iliyotupwa chini. Dawa ya maji inachoma macho, na pete ni ya bluu juu ya vigae vya bluu, kwa hiyo bila miwani inayoonyesha, utapapasa kama mtu anayetafuta kiberiti umeme umekatika.

Baada ya wiki chache niliona kwamba ndani ya vioo vya miwani kuna utando mwembamba, kama wa mafuta, unaoonekana ukigeuza kioo kwenye mwanga. Nikasema moyoni, huu ni uchafu.

Sasa lazima niwatambulishe kwa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Nimeolewa katika nyumba ya watu wenye asili ya Ujiji, na yule mama alipima wanawake kwa sufuria. Akija kukutembelea haketi kwanza. Anapita moja kwa moja uani, anachukua sufuria, anaiinua juani na kujitazama. Asipoona meno yake, majirani watakuwa na habari kabla ya magharibi. Nilisugua sufuria za nyumba ile kwa majivu na mchanga mpaka nyingine zikatoboka, na sikumsikia hata siku moja akilalamikia tundu.

Kwa miwani nilijiona mpole, maana mchanga niliuacha. Nilichukua majivu ya mkaa kutoka jikoni, nikayachekecha kwa chujio la chai, nikasugua kila kioo ndani na nje kwa kipande cha khanga kuukuu. Nikasuuza kwa sabuni ya unga. Nikaanika jozi zote juani kwenye waya wa nguo, zikaning'inia mstari mmoja kama samaki. Niliporudi mchana ziling'aa hata nikamwita Masanja aje azione.

"Safi," akasema Masanja. Yeye hakuwahi kuvaa miwani. Mtu aliyefumbua macho ndani ya lambo lililotibuliwa na ng'ombe mia hawezi kuhangaishwa na dawa ya bwawa.

Nikaifanya kuwa kazi ya kila Jumatatu. Tena nikaongeza jambo la pili kutoka kichwani mwangu: kila aliyekuja kuazima nilimvisha mwenyewe na kuukaza mkanda mpaka mwisho, ili maji yasipate pa kupita. Watu walitoka majini wana duara mbili zimechimbika kuzunguka macho. Mhasibu mmoja aliingia na duara zake kwenye kikao, wenzake wakamwita Bundi kwa miezi. Nilipompa pole alisema, "Hamna shida, Mama Zuhura, iko vizuri."

Wote walisema hivyo. Nilimuuliza kila aliyerudisha, "Vipi miwani?" na kila mmoja alijibu, "Iko vizuri, Mama." Niliwaona wakifika ukingoni wanaipandisha kwenye paji la uso, wanaisuuza, wanaishusha, wanaipandisha tena. Nikadhani ni mtindo umetoka Dar es Salaam. Kisha wengi wakaanza kuja na miwani yao wenyewe. Nikamwambia mume wangu kwa majivuno kwamba usafi wangu umewafundisha watu kupenda kuwa na vitu vyao. Alikuwa anakula, akaitikia kwa kichwa.

Katika mwaka wangu wa tatu ndipo alikuja Veronika.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Bugarama, mpishi katika kambi ya mafundi. Alikuwa na nywele za rasta nyingi na sauti ndogo. Kambini alipika zamu ya usiku, kwa hiyo binti yake Debora alilelewa na mdogo wake kule Shinyanga. Kampuni yake ilikuwa imepata nafasi moja ya mtu wa kuangalia pampu kwenye jukwaa, zamu za mchana tu, karibu na kwao, na msimamizi alikuwa amesema yeyote atakayefaulu kipimo cha maji aichukue. Kila mtu aliruhusiwa kupimwa mara mbili, basi.

"Debora nikimpigia simu ananiita shangazi," aliniambia siku ya kwanza, akiwa amekaa kwenye benchi la stoo na kukumbatia magoti. "Mdogo wangu ndiye anamwita mama. Mtoto hana kosa. Lakini Mama, nataka nikae naye."

Nilimpenda palepale. Nikamchagulia miwani niliyoiona bora kuliko zote, yaani niliyoisugua kuliko zote, nikamvisha kwa mikono yangu na kukaza mkanda juu ya rasta zake. Kwa wiki sita Masanja alimfundisha, akitembea ukingoni na kumwongoza kwa sauti. Alikuwa na mapafu ya mtu wa kupuliza moto wa kuni mbichi, na miguu yenye nguvu. Masanja aliniambia huyu atafaulu hata akilala.

Siku ya kipimo alikuja mtahini, kijana wa usalama kazini mwenye buti safi na ubao wa kuandikia. Veronika aliingia majini, akaanza vizuri. Katikati ya bwawa akaanza kwenda upande. Hakujua. Alikata bwawa mshazari, akagonga mkono kwenye ukuta wa pembeni, akasimama akihema na kugeuza kichwa huku na huku kama mtu aliyeshushwa stendi asiyoijua. Mtahini akaandika. Kwa huruma akamruhusu ajaribu pete. Alizama mara tatu, na mara ya tatu akaibuka ameinua mkono juu kwa furaha. Alikuwa ameshika kifuniko cha chupa ya soda.

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, nakiri, kisha nikamwona uso.

"Ni macho yangu, Mama," alisema nilipompelekea taulo. "Nadhani moshi wa jikoni umeyamaliza."

Sasa sikilizeni hekima yangu. Nilimkalisha chini nikamweleza habari za karoti. Nilimweleza kwa kirefu, mbichi na za kuchemsha, asubuhi kabla ya chai. Nikamsimulia shangazi yangu aliyeacha miwani ya kusomea kwa ajili ya karoti, jambo ambalo, nikilifikiria vizuri, halikutokea. Veronika alinisikiliza ameinamisha kichwa, akasema, "Asante, Mama." Akazinunua, akazila. Mtahini angerudi baada ya mwezi mmoja.

Wiki mbili baadaye alikuja na karatasi kutoka kliniki ya macho. Macho mazima, yote mawili, amesoma mpaka mstari wa chini. Alinipa karatasi ile kwa mikono miwili, akaenda kubadilisha nguo.

Niliisoma karatasi ile kutoka juu mpaka kwenye mhuri. Mchana ulikuwa wa joto na bwawa lilikuwa tupu. Nikachukua jozi aliyokuwa akiitumia, nikaivaa pale kwenye kiti changu. Nikaona bwawa, nikaona viti, nikamwona Masanja anafagia majani.

"Unaona?" nikamwambia. "Miwani ni mizima. Tatizo ni huyu binti ana wasiwasi."

Masanja akaegemea fagio. "Mayu, hiyo umeivaa kwenye kiti. Yeye anaivaa majini."

"Nina mafua."

"Mama Zuhura," akasema, na mara ile hakutabasamu. "Mafua ya miaka mitatu ni ugonjwa mwingine. Ingia."

Niliingia na dera langu na hijabu yangu, nimeshika ngazi kwa mikono yote miwili, huku nikisoma kila dua niliyoijua pamoja na ile ya kusafiri. Maji yalifika kiunoni. Nikavaa miwani, nikavuta pumzi, nikachovya uso. Kwa pumzi tatu niliona vigae. Pumzi ya nne, ukungu. Ya tano, nilikuwa ndani ya sufuria ya uji. Sikuona mkono wangu mwenyewe. Nikatoka, nikamwomba Masanja aniletee jozi nyingine. Uji. Nyingine. Uji. Alileta sanduku zima la bati akaliweka ukingoni, nikajaribu moja baada ya moja, nimesimama majini na dera limenivimba kama puto, mpaka zikaisha.

Miaka mitatu niliitunza miwani ile na sikuwahi kuivaa majini. Na wale wote walioniambia iko vizuri walikuwa wameogelea vipofu kwa sababu mimi ni mtu mzima, nina hijabu, na nilikuwa nimeisugua kwa bidii. Nililia palepale. Mkanda nilikuwa nimeukaza kwa mtindo wangu, kwa hiyo machozi hayakupata pa kutokea, yakajaa kwenye vioo. Hilo ndilo lililonithibitishia kwamba angalau haivuji.

Nilipokauka nilikwenda kwenye droo ya kalamu nikatoa zile karatasi. Michoro ilikuwa wazi hata kwa mtoto wa chekechea. Mchoro wa kwanza ulionyesha kidole kinagusa kioo kwa ndani, umepigwa mkasi mwekundu, ile alama ya X ya kukataza. Wa pili, kitambaa, mkasi. Wa tatu, jua, mkasi. Walikuwa wamesahau kuchora majivu tu, nadhani hawakuwaza kwamba kuna mtu atafika huko. Ule utando nilioita uchafu ndio uliokuwa umepakwa kiwandani ili kuzuia ukungu, nami niliung'oa Jumatatu ya kwanza. Jumatatu zote zilizofuata nilikuwa nakwangua plastiki tupu.

Nikamwandikia meneja kuomba jozi mpya. Rasimu ya kwanza ilisema miwani "imechakaa kwa matumizi ya kawaida". Niliisoma mara mbili, nikaichana. Ya pili ilisema, "Mtunza vifaa ameisugua kwa majivu." Meneja alicheka mpaka akavua miwani yake ya macho na kuifuta kwa tai, na mimi kwa mara ya kwanza nikamwambia mtu asifute vioo kwa nguo. Akasaini. Lakini mzigo usingefika kabla ya kipimo cha Veronika.

Nilipanga kujaribu kuazima kwa waogeleaji wenye miwani yao. Wakati nasogeza kabati kutafuta daftari lenye majina yao, nikakuta jozi moja imedondoka nyuma, imejaa vumbi na utando wa buibui, iko ndani ya kiboksi chake. Haikuwahi kusuguliwa. Katika stoo nzima, kitu pekee kilichokuwa salama ni kile nilichokisahau.

Veronika alipokuja nilimpa kiti changu na mimi nikakaa kwenye benchi. Nikamwambia kila kitu, majivu, khanga, waya wa nguo, karatasi za droo. Nikamwomba radhi.

"Usiseme hivyo, Mama," akajibu. "Tuanze tu."

Tulikuwa na siku kumi. Miwani ile ilivuja puani, na hapo ndipo nilipojifunza kazi yangu, mwaka wa tatu ukielekea ukingoni. Niliigandamiza usoni kwake bila mkanda ili nione kama inajishikilia. Ikadondoka. Nikamtazama vizuri, nikaona uso unang'aa. Kila asubuhi alijipaka mafuta ya mgando, kama sisi sote tunavyojipaka kwa ajili ya vumbi la huku, na mpira haushiki kwenye mafuta. Akanawa kwa sabuni, nikaigandamiza tena, ikajishikilia. Kipande cha puani tukakibadilisha, tukaweka kifupi. Rasta tulizifunga chini kwenye shingo, mkanda ukapita juu ya kisogo, nao tuliulegeza mpaka kidole changu kikapita. Nilijizuia kuukaza kama mtu anayejizuia kujikuna. Baada ya kuogelea miwani ilisuuzwa kwa maji safi, ikaachwa ikauke yenyewe kivulini, na mimi nilikaa mbali nayo.

Masanja akaongeza la kwake. Alisema mafundi wenzake wa zamani walipovaa miwani ya kazi kwenye joto, walitemea mate kidogo ndani ya kioo, wakazungusha, wakasuuza mara moja, ukungu haukuja. Nikaona ni jambo la kuchefua. Nikajaribu mwenyewe kwa siri kwenye jozi mojawapo ya zile zilizoharibika, nikaingia majini. Ukungu ulichelewa sana hata kwenye jozi ile maskini, na Veronika naye akaanza kutemea yake, maana utando wake wa kiwandani ulikuwa umeanza kuchoka. Basi nikaandika kibao kwa mkono wangu nikakibandika kwenye mlango wa stoo, na mnakijua mpaka leo: KILA MTU MATE YAKE. Wageni hukipiga picha.

Siku ya kipimo cha pili mtahini alikuja na buti zilezile. Veronika alisimama ukingoni na miwani mkononi. Alijaribu kutema, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Midomo ilikuwa imekauka, na mtahini alikuwa ameshatazama saa yake.

"Mama," akaniita kwa ile sauti ndogo. "Mdomo umekauka kabisa. Nitemee wewe."

Nikatazama kibao changu mlangoni. Nikamtazama Masanja, naye akawa amepata jani la kuliangalia kwa makini. Nikakumbuka bibi yangu alivyokuwa akitutemea mate viganjani tunapoanza safari, kutuombea heri. Nikaichukua miwani. Ninyi mnanijua, sitoki nje bila hijabu kupigwa pasi. Nilitema mbele ya mtahini na wafanyakazi wenzake Veronika waliokuja kutazama, kioo cha kulia, kioo cha kushoto. Nikazungusha kwa kuitikisa, bila kugusa ndani kwa kidole. Nikaisuuza kwenye maji ya bwawa, nikampa. Mate nami yalikuwa yanakaribia kuniishia.

Alikwenda moja kwa moja. Sijawahi kuona mstari umenyooka vile. Aligeuka, akarudi, mimi natembea ukingoni sambamba naye bila viatu, na naambiwa nilikuwa napuliza filimbi ingawa sikuwa nayo. Mtahini akatupa pete. Veronika akavuta pumzi, akazama. Nikaanza kuhesabu, nikapoteza hesabu. Akaibuka na pete ya bluu, mara ya kwanza tu.

"Ameona," nikasema kwa sauti.

Baadaye, amejifunga taulo, tulikunywa chai stoo. Nikamuuliza jambo lililokuwa linanisumbua. "Mwanangu, kweli ulidhani ni macho yako?"

Alizungusha kikombe. "Mama, usinichukie. Nilijua ni miwani tangu siku ya kwanza."

"Na karoti?"

"Nilikula ili usijisikie vibaya. Na kliniki nilikwenda ili nipate karatasi ya kukupa. Niliona karatasi inaweza kusema, mimi siwezi." Akanitazama. "Ulinivisha kwa mikono yako umefurahi vile. Ningekuambiaje mtu mzima kwamba umeniharibia?"

Mwanamke yule alikuwa tayari kuikosa kazi, na kuendelea kuitwa shangazi na mwanawe, kuliko kunitia aibu mimi. Iliniuma, na inaniuma hata ninapoandika. Debora alihamia Bugarama mwezi uliofuata. Amemaliza darasa la saba sasa, na akinisalimia kwenye simu mama yake huwa nyuma anamwambia anisalimie vizuri.

Miaka yangu iliyobaki nilivaa jozi mbili kila asubuhi na kuingia nazo majini kabla ya kumpa mtu yeyote. Nilijifunza kuogelea pia, kidogo, na safari hii neno hilo ni la kweli. Niliacha kuuliza "Vipi miwani?" kwa sababu jibu nilishalijua. Lakini miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kufungua mdomo aniambie kitu changu ni kibovu, hata siku niliyosahau jozi kwenye dirisha la jua na mpira ukapasuka. Walinirudishia, wakasema iko vizuri.

Mpaka ulipokuja wewe, Neema. Siku yako ya pili kazini ulitoka majini, ukanirudishia miwani mbele ya watu, ukasema, "Shikamoo Mama Zuhura. Hii haifai." Nilichukia mpaka saa sita mchana. Saa saba nilikwenda kwa meneja kumwambia kwamba funguo za stoo nimeshampata wa kumwachia.